Kurwa Alipopimwa Badala ya Doto

Wadogo zangu wa maabara,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni, tunatazamana. Mkaniomba pia niwaandikie miaka yangu ya kazi, na mmoja wenu akadakia, "Mama Salma, usisahau vyeo ulivyopanda." Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kiliniongezea vikao tu. Nitaandika mambo ya benchi, maana huko ndiko nilikoishi.

Niliingia maabara nikiwa msichana wa mtaa wa Dunda, nina cheti kipya, na darubini ninaijua kwa kuisoma zaidi kuliko kwa kuitazamia. Alinipokea Mzee Sefu, mkubwa wa chumba cha darubini, mwenyeji wa Vigwaza, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa plasta. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujavunja kitu bado?"

"Bado, mzee."

"Utavunja," akasema, akanikabidhi beseni la slaidi chafu. Niliziosha mpaka vidole vikajikunja. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo elekezi.

Alipoona mikono imetulia akanikalisha kwenye darubini, akasogeza slaidi mpaka seli moja ikakaa katikati, akauliza, "Huyu nani?" Hakuuliza hii ni nini. Kwake seli zilikuwa na majina na koo, na ukikosea alikutazama kwa huzuni, kana kwamba umemsahau shangazi yako msibani. Huyu mwenye kiini kilichokatikakatika nani? Huyu wa duara nani? Huyu mwekundu aliyebeba pete ya malaria tumboni nani? Nilijifunza kumtambua mtu kwa umbo na kwa rangi aliyoishika. Na rangi ilikuwa kazi kubwa. Maji ya bomba letu yana chumvi yake. Ukiyachanganyia rangi, slaidi nzima inatoka ya buluu na hata unaowajua huwatambui tena. Kwa hiyo maji ya rangi tuliyapika wenyewe, na ole wake aliyeyachotea chai.

Masika slaidi hazikauki. Tulinunuliwa mashine ya kukaushia nywele, kwa ajili ya slaidi, na nawaambia ukweli kwamba kila Alhamisi jioni mashine ile ilikuwa haionekani na kila Ijumaa asubuhi akina dada wa ofisini walikuja wamependeza. Mzee Sefu alikaa kimya mpaka siku alipokuta unywele kwenye slaidi. Aliuweka chini ya darubini, akamwita kila mmoja wetu kwa zamu, akauliza, "Huyu nani?"

Kisha akaja Daktari Mushi kutoka Moshi, amesoma mpaka ughaibuni, mtu anayetembea haraka hata akienda msalani. Alianzisha masomo ya wafanyakazi kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo watu wa pwani tuna akili ya usingizi tu. Siku moja akatuambia kwamba seli ya ini na seli ya ngozi zina jeni zilezile, hazikupungukiwa hata moja. Mzee Sefu akanyoosha mkono.

"Daktari, kama wote wamepewa kitabu kimoja, mbona ini haliamki siku moja likajikuta ngozi?"

Daktari alifurahi mpaka akakaa juu ya meza. Akasema kila seli inafungua kurasa zinazoihusu na kufunga zilizobaki. Zinafungwa kwa alama ndogondogo zinazobandikwa kwenye DNA, na kwenye protini ambazo DNA imejiviringisha juu yake. Seli ikigawanyika, watoto wake wanarithi kitabu na kufungwa kwake pia. Elimu ya kufunga na kufungua huko, akasema, inaitwa epijenetiki. Na miongoni mwa wanaofunga ziko RNA ambazo hazitengenezi protini yoyote, zinazotoka kwenye sehemu za DNA ambazo zamani watu walizidharau.

Hapo nikazinduka usingizini, maana mimi ni mmoja wa hao watu wa zamani. Chuoni tulifundishwa kwamba sehemu hizo ni takataka. Mwalimu alituambia tuuruke ukurasa ule, hautatoka kwenye mtihani. Kweli haukutoka. Ulitoka kijijini Kaole, Mzee Sefu akiwa ameshastaafu na mimi nimekaa kwenye kiti chake.

Tulikuwa na utafiti wa dawa ya malaria. Dawa yenyewe nzuri, inasafisha vimelea vilivyomo kwenye damu ya mtu ambaye wala hajihisi mgonjwa. Lakini mtu aliyepungukiwa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, dawa ile inampasua seli nyekundu za damu. Upungufu huo si mgeni pwani yetu. Mtu anaweza kuzeeka nao bila habari, mradi asikutane na dawa ya namna hiyo. Kwa hiyo kila mshiriki tulimtoboa kidole kwanza. Tone la damu linachanganywa na kitendanishi, linadondoshwa kwenye karatasi, karatasi inawekwa chini ya taa ya zambarau. Likingʼaa, anapewa dawa. Likibaki giza, anashukuriwa na kurudishwa kwao.

Pale Kaole alikuwepo Bi Mwanaidi, mkulima wa mihogo na minazi, mama wa pacha wawili, Kurwa na Doto, wasichana wakubwa. Walifanana mpaka mama yao mwenyewe aliwatofautisha kwa kuita jina na kuona nani anageuka. Kwake yeye pacha ni mtu mmoja aliyekuja mara mbili. Kitenge kilikatwa viwili. Kurwa alipougua surua, Doto naye alinyweshwa dawa. Basi wote wawili walipokutwa na vimelea katika upimaji wa kijiji, Bi Mwanaidi hakushangaa hata kidogo. Angeshangaa angekutwa navyo mmoja.

Tatizo ni kwamba siku ya kupima kimeng'enya, Doto alikuwa ameshawekwa ndani. Alikuwa amechumbiwa na Shabani, fundi wa kuchomelea mageti pale Dunda, na harusi ilikuwa inakaribia. Mwali akishawekwa ndani, haoni jua wala jua halimwoni. Anasuguliwa liwa, ule unga wa mti wa kunukia, na manjano asubuhi na jioni, anafukizwa udi, analishwa vinono, na anafundwa na somo wake, yaani kungwi. Somo wa Doto alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, aliyekwisha kuwatoa wanawali wengi na hakuwahi kumtoa hata mmoja kabla ya siku yake. Kumtoa mwali akatobolewe kidole na watafiti? Thubutu!

Bi Mwanaidi akalimaliza jambo hilo kwa akili yake. "Nimewazaa kwa uchungu mmoja," akamwambia Kurwa. "Damu yenu ni moja. Nenda katoe yako, kisha urudi katoe na ya mwenzio."

Kurwa akaja asubuhi na buibui jeusi, akatobolewa kama Kurwa. Baada ya adhuhuri akaja na khanga, akatobolewa mkono wa pili kama Doto. Nesi wetu Yusta, mwenyeji wa Iringa, alikuwa amejisifu wiki nzima kwamba yeye pacha hawampotezi. Siku hiyo alituambia kwamba Doto ndiye mcheshi zaidi, na ana adabu ya kumzidi Kurwa. Matone yote mawili yakang'aa vizuri sana chini ya taa. Kurwa akapewa vidonge vya watu wawili, vya kumeza nyumbani, na Doto akamezeshwa vyake na mama yake mzazi, kwa maji ya dafu.

Siku chache baadaye Kurwa alikuja maabara peke yake, akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, mbona unajibanza hapo?"

"Mama, ile dawa yenu inabadilisha mkojo?"

"Wako umebadilika?"

"Wangu mzuri."

"Sasa wa nani?"

Akainamisha kichwa. "Wa Doto. Umekuwa mweusi, kama kahawa ya barazani. Na anachoka, mama. Akisimama moyo unamwenda mbio. Bi Kidawa anasema ni hofu ya harusi, mwali lazima alegee."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, Doto alipimwa akakutwa mzima. Ndipo akaanza kulia, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, vidole vimetandazwa, akanieleza upi ulitobolewa kwa jina la nani.

Nilimkimbilia Daktari Mushi. Alisikiliza, akakunja uso, kisha uso ukakunjuka. "Dada, hapo walifanya vibaya kwa utaratibu, lakini hakuna hatari. Ni pacha wa kufanana kabisa. Jeni zao ni zilezile. Kama Kurwa ni mzima, Doto ni mzima. Huo mkojo utafutiwe sababu nyingine."

Nami nikaafiki, nilifundishwa hivyohivyo. Tazameni basi mambo ya dunia. Bi Mwanaidi hakumaliza hata darasa la nne, Daktari amevishwa joho mara tatu, na wote wawili wamefika mahali palepale kwa njia tofauti: damu yao ni moja. Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Daktari akaita, "Dada, ngoja." Alikuwa amesimama, ameshika shavu. "Ni wasichana," akasema taratibu. "Wasichana wana X mbili. Mungu wangu. Chukua funguo za gari."

Kaole, Daktari alibaki uani na viatu vyake vya kung'aa, maana chumba cha mwali mwanamume haingii, awe na shahada ngapi. Niliingia mimi. Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amekiziba chote.

"Mwali haonwi," akasema.

"Nami sikuja kumtazama uzuri, Bi Kidawa. Nipishe."

Ndani moshi wa udi umetanda, Doto amelala mkekani, amepakwa manjano kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Wanawake waliokuwamo wakanikaribisha kwa fahari. "Tazama mwali wetu alivyong'aa," wakasema, "mwaka huu liwa imemkubali." Nikapiga magoti. Nikamuuliza Doto anajisikiaje. Mama yake akajibu, "Hajambo, uchovu tu." Nikamuuliza kama kifua kinambana. Bi Kidawa akajibu, "Hapana." Nikavuta kope la chini la jicho lake. Weupe wote wa jicho ulikuwa wa njano, na ndani ya kope, pale panapotakiwa kuwa pekundu, pamepauka kama karatasi.

"Bi Kidawa," nikasema, "manjano huwa mnampaka mpaka ndani ya macho?"

Wanawake wakainama wote kumtazama Doto machoni.

"Huyu mtoto damu yake inapasuka ndani ya mwili wake. Hiyo njano mnayoishangilia ni seli zilizokufa. Anakwenda hospitali sasa hivi."

"Mwali hatoki kabla ya siku yake!" Bi Kidawa akasimama. "Watu watasema nini? Shabani atasikia nini?"

Mie hasira zangu mnazijua. "Atatoka na mimi leo akiwa hai, au atatoka keshokutwa kwa jeneza na wanaume wanne. Chagua, wewe ndiye somo."

Hakuchagua. Kurwa alipita chini ya mkono wake, akambeba mwenzake mgongoni kama mtoto, akatoka naye juani. Bi Kidawa akawafuata mbio na mwavuli na khanga tatu, akimfunika mwali asionekane, huku akinilaani kwa maneno ambayo sitayaandika hapa kwa heshima ya umri wangu.

Damu ya Doto ilikuwa imeshuka vibaya. Benki ya damu ilikuwa na friji zuri sana, jipya, na ndani yake hamna kitu cha kumfaa. Kurwa akakunja mkono wa nguo kabla hajaulizwa. Tukamkataa. Ametoka kutibiwa malaria juzi, dawa ileile bado imo mwilini mwake, damu yake haifai kupewa mgonjwa. Bi Mwanaidi alinitazama kwa chuki. "Damu ya Kurwa mliipima mara mbili mkasema nzima," akasema. "Sasa ya kumpa mwenzie mnasema haifai." Kurwa alikaa sakafuni, kichwa ukutani, anarudia neno moja: "Nimemuua. Nimemuua mwenzangu."

Tulipima ndugu mmoja baada ya mwingine. Mmoja hafai, mwingine kakimbia alipoiona sindano. Mwishowe akabaki Bi Kidawa, aliyekuwa amekaa mlangoni mwa wodi akiwafukuza wauguzi wa kiume. Kundi lake likafaa, kila kipimo kikafaa, na hata damu ilikuwa nyingi kama maneno yake. Akalala kitandani, akanyoosha mkono, akageuza uso ukutani. "Toeni," akasema. "Lakini Mama Salma, ukinitangaza mjini, mimi na wewe basi."

Nimevumilia miaka yote hiyo. Sasa nimestaafu, na yeye anajua kusoma.

Damu ikiwa inadondoka, mimi na Daktari tulirudi maabara na sampuli za pacha wote wawili, safari hii nimezichukua kwa mkono wangu, kila moja kwa mwenyewe. Kuna njia ya kutia rangi seli nyekundu mojamoja: yenye kimeng'enya inajaa punje za zambarau, isiyo nacho inabaki tupu. Nikaweka slaidi ya Kurwa. Seli nyingi zimejaa punje, na katikati yake zimetawanyika tupu chache. Nikaweka ya Doto. Tupu, tupu, tupu, moja imejaa, tena tupu. Na hao walikuwa waliosalia. Wenzao wengi walikwisha kwenye mkojo. Mwanamke mmoja, watu wa aina mbili ndani ya damu yake. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliulizwa huyu nani na nafsi yangu nikakosa jina.

Daktari akavuta kiti. "Dada, nimekuwa mjinga," akasema, neno ambalo sikulisikia kinywani mwake kabla wala baada. "Jeni ya kimeng'enya hiki iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja. Mwanamke anazo mbili, na zikifanya kazi zote mbili ni balaa, kwa hiyo kila seli inazima moja. Inafanyika mapema, mimba ikiwa bado kidonge cha seli chache. Kila seli inachagua yake kwa kubahatisha, na ikishachagua, watoto wake na wajukuu wake wote wanafuata uchaguzi huohuo maisha."

"Inazimwa na nini?"

"Na RNA. X inayozimwa ndiyo inayoitoa yenyewe. Ni uzi mrefu, hautengenezi protini yoyote. Unaizunguka X ileile ulikotoka, unaifunika gubigubi, kisha zinakuja zile alama nyingine juu yake, na jeni zake karibu zote zinanyamaza."

"Mlitufundisha kwamba hizo ni takataka."

"Hata mimi nilifundishwa," akasema. "Nikajibu hivyo kwenye mtihani, nikapata."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kurwa na Doto walirithi X moja yenye jeni nzima na moja yenye jeni pungufu, sawasawa wote wawili. Kwenye seli mama za damu za Kurwa, nyingi zilizima ile pungufu. Za Doto, nyingi zilizima ile nzima. Hakuna aliyefanya kosa, hakuna aliyeamua. Tumbo moja, siku moja, kila mmoja akatoka na damu yake. Ndiyo maana leo nyinyi mnawapima wanawake kiasi halisi cha kimeng'enya, hamtosheki na kung'aa peke yake, na ndiyo maana nilikuwa nawafokea mkipokea sampuli bila kumwona mwenye kidole. Mlidhani ni uzee.

Siku mbili hatukujua kama Doto atabaki. Mie nililia stoo, katikati ya maboksi ya glavu, na Yusta akanikuta, tukalia pamoja. Hakusema tena chochote kuhusu nani mcheshi. Siku ya tatu mkojo ukaanza kuwa mwepesi, kisha wa chai, kisha wa kawaida. Bi Kidawa alikuja kumkagua, akamtazama shavu, akatamka mbele ya wodi nzima kwamba rangi imerudi kwa sababu liwa yake huwa inakaa. Tulimwachia.

Siku ya harusi ikafika Doto akiwa bado kitandani. Mchele ulishanunuliwa, wageni wa Zanzibar walishashuka, na kwa bahati ndoa haimhitaji bibi harusi msikitini. Inahitaji ridhaa yake tu, na ridhaa inaweza kufuatwa hata wodini. Bi Mwanaidi alinivuta pembeni. "Shabani asiambiwe mambo ya damu. Mwambieni malaria, imekwisha. Akijua, posa itavunjika na mwanangu ataitwa mwenye damu mbovu maisha yake yote."

Kurwa akamwinamia mwenzake, akasikiliza, akainuka. "Doto anasema aambiwe."

"Doto ni mgonjwa, hajui anachosema," akasema mama.

Lakini aliyesema ni mgonjwa wangu, na mgonjwa ndiye mwenye siri. Shabani akaitwa, akaja na kanzu mpya na mama yake nyuma. Nikamweleza polepole, kwa maneno ya Dunda: kwamba mchumba wake ataishi vizuri tu akiepuka dawa fulani, na kwamba watoto wao wa kiume kila mmoja huenda akarithi upungufu huo na huenda asirithi, wapimwe wakizaliwa. Mama yake Shabani alikuwa ameshakusanya buibui lake.

"Haya ni mambo ya kuulizwa mapema," akasema. "Sisi kwetu hatuna damu mbovu."

Shabani akageuka. "Kwetu nani amepimwa, mama?"

Akaninyooshea kidole chake, kigumu, kina makovu ya cheche za kuchomelea, mpaka nilitoboa mara mbili. Tukaenda maabara. Nikachanganya, nikadondosha, nikasubiri, nikawasha taa ya zambarau. Giza. Nikarudia kwa kitendanishi kipya. Giza totoro. Mwanamume ana X moja tu, hana ya pili ya kumsaidia. Nilimweleza. Shabani alicheka mpaka akaegemea friji, kisha akaacha kucheka, akaniuliza ni dawa zipi asimeze, akaziandika kwa kalamu kwenye kiganja. Akarudi wodini akatangaza mwenyewe, mbele ya watu wote: "Mwenzangu ana upungufu nusunusu. Mwenye upungufu kamili ni mimi."

Mama yake alikaa kitandani kwa mgonjwa wa jirani bila kuomba ruhusa. Na Bi Mwanaidi, yule yule aliyenisihi nifiche, akasimama katikati ya wodi, khanga kiunoni.

"Mimi mwanangu simwozi kwa mwanamume mwenye damu mbovu!"

Zogo likaanza. Bi Kidawa anauliza nani atamlipa udi wake na fadhila zake, wageni wa Zanzibar wanauliza mbuzi ataliwa lini, Daktari Mushi amesimama na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, hajui amsikilize nani. Na mlangoni shekhe ameshafika, yuko na baba mdogo wa Doto, ambaye ndiye walii wa kumwoza, na mashahidi wawili.

Shekhe aliomba utulivu. Akakaribia kitanda, macho chini. Sote tunajua desturi: mwali huulizwa, hujifunika, hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Hata hazungumzi. Shekhe akauliza kama binti ameridhia walii wake amwoze kwa Shabani, kwa mahari waliyokubaliana. Bi Mwanaidi akafungua mdomo, "Shekhe, huyu hata—"

Doto akaiondoa khanga usoni. Ndiyo kwanza niisikie sauti yake. Siku zote hizo nimemuuliza mimi, wamenijibu wengine.

"Nimeridhia," akasema.

Shekhe, ambaye amezoea kuoza watu walionyamaza, hakuamini masikio yake. Akamwomba arudie. Doto akajiinua kwenye mto, mpira wa maji ya drip unamning'inia mkononi, akarudia kwa sauti iliyofika mpaka wodi ya wazazi.